Mvua Mbili za Isiolo na Mawimbi Yanayozijenga

Nafundisha hisabati katika shule ya upili hapa Isiolo, na nikifika kwenye mada ya mawimbi huchora ubaoni mvua ya mwaka mzima. Kila mwanafunzi anaijua: ganna ya Machi hadi Mei, kiangazi, kisha hagaya ya Oktoba hadi Desemba, kama Waborana wanavyoziita. Mchoro una vilele viwili.

Mwaka 1822 Mfaransa Joseph Fourier alichapisha kitabu kuhusu joto, akishikilia kwamba mchoro wa namna yoyote hujengwa kwa kujumlisha mawimbi: moja lipande na kushuka mara moja katika kipindi, jingine mara mbili, jingine mara tatu, bila kikomo. Wanahisabati huyaandika kama fanksheni za kipeo. Yakitosha kujenga kila mchoro, mfumo wake umekamilika.

Sasa lifute wimbi la pili. Je, yaliyobaki hayawezi kuchangiana yakaziba nafasi yake? Hayawezi. Zidisha wimbi la pili kwa la kwanza, mwezi kwa mwezi, ujumlishe miezi 12: unapata sifuri. Jaribu na la tatu: sifuri tena. Hakuna jingine lililobeba hata chembe ya lile la pili, na ndilo linaloipa Isiolo misimu yake miwili.

Hata hivyo mfumo huu unavumilia. Mwaka 1964 Mikhail Kadets alithibitisha kwamba ukiyasogeza mawimbi, hili la mara 2 likawa la mara 2.2, hakuna kinachopotea, mradi hakuna linalosogea zaidi ya, tuseme, 0.24. Robo ndiyo mpaka.

Kinachonigusa zaidi ni ukame. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha, na mifugo ikafa kote kaskazini. Mawimbi yetu yote hujirudia kila mwaka, kwa hiyo hayawezi kamwe kuchora mwaka wa neema unaofuatwa na mwaka wa njaa. Mfumo uliokamilika kwa mwaka mmoja una mapengo kwa miaka miwili! Lazima yaongezwe mawimbi ya katikati: la nusu mzunguko kwa mwaka, la mmoja na nusu, la miwili na nusu. Katika miaka ya 1960 Arne Beurling wa Uswidi na Paul Malliavin wa Ufaransa walionyesha jinsi msongamano wa mawimbi unavyoamua urefu wa kipindi ambacho yanaweza kukikamilisha. Rekodi ya mvua ya miaka 10 inadai mawimbi yanayopishana kwa sehemu ya kumi ya mzunguko, na chama chetu cha hisabati kimeshaanza kuyakokotoa.