USUKANI UNAOVUJA MAFUTA



Tangu magari ya zamani kuzidi kuwa mengi mashambani mwetu, tumeulizwa mara nyingi hapa ofisini jambo moja: mafuta yanadondoka chini ya gari upande wa mbele, na usukani umekuwa mzito, je, ni lazima kumwita fundi kutoka mjini, au mtu aweza kubadilisha mipira yake mwenyewe nyumbani? Jawabu letu ni kuwa aweza. Lakini mipira hiyo ni miwili, nayo haikulingana. Mmoja waweza kuununua kwa futi na kuukata kwa kisu. Wa pili haukatwi, haufungwi kamba wala hautiwi kiraka, na anayefanya hivyo anacheza na roho za watu.

Kwanza yafaa kufahamu kazi ya mafuta yenyewe. Gari lenye usukani mwepesi, ambao mafundi huuita pawa stelingi, lina pampu ndogo inayozungushwa na mkanda wa injini. Pampu huvuta mafuta kutoka kichupa chake na kuyasukuma kwa nguvu mpaka kwenye sanduku la usukani. Huko mafuta humsaidia dereva kugeuza magurudumu, na yakisha kazi hurudi kichupani. Basi mpira wa kwenda ni wa nguvu, na mpira wa kurudi ni wa upole. Katika mpira wa kwenda, dereva anapokata kona kali, nguvu ya mafuta hupanda hata kupita pauni 1,000 kwa kila inchi ya mraba. Tukumbuke kwamba gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa pauni 30 hivi. Mpira wa kurudi hauna mashindano hayo. Mafuta hupita humo kama maji ya mfereji.

Usukani wa namna hii si jambo geni. Mmarekani Francis W. Davis aliuonyesha mwaka 1926, na kampuni ya Chrysler iliutia katika magari yake ya abiria mwaka 1951. Magari mengi mapya ya siku hizi husaidiwa na mota ya umeme, hayana mafuta ya usukani wala mipira yake, kwa hiyo maneno haya si yao.

Wako watakaosema: gari langu lavuja mwaka mzima na bado natembea. Hao twawapa khabari ya Vudee. Vudee ni katika milima ya Upare ya Kusini, wilaya ya Same, mkoa wa Kilimanjaro. Chini ni tambarare kavu yenye joto, na juu ni baridi na migomba, na baina ya chini na juu ni kupanda na kukata kona. Tulifika huko, sisi na wanachama wawili, kutazama ndiva, yaani mabwawa madogo ambayo Wapare hukusanyia maji ya mfereji usiku na kuyafungulia mashamba kwa zamu. Mwenyeji wetu alikuwa na pikapu ya zamani, na tulimkuta ameiegesha kwa sababu ya usukani.

Kisa chake ni hiki. Mpira wa nguvu ulipoanza kutoa jasho, aliuziwa dukani mpira wa kawaida, akaambiwa unafaa, akaubana kwa klipu mbili. Siku kadhaa gari likaenda vizuri. Kisha siku moja, kijana wake akiteremka na mikungu ya ndizi, mpira ukachomoka katikati ya kona. Mafuta yakarukia ekzosi yenye moto, moshi ukajaa, na usukani ukawa mzito ghafla. Kijana alikuwa na mikono ya kazi, akalilazimisha gari upande wa mlima likagota kwenye ukingo. Upande wa pili palikuwa na bonde. Hakuumia mtu.

Ni kwa nini mpira ule ulivumilia siku kadhaa? Kwa sababu gari likienda moja kwa moja pampu huzungusha mafuta tu, hapana mzigo. Nguvu hupanda dereva anapougeuza usukani, khasa gari likiwa zito na likienda pole pole, na hufika kilele usukani ukigota mwisho. Barabara iliyonyooka huficha ubovu, na kona huufichua. Nasi kisiwani tuna vilima vyetu na njia za mashamba zenye mashimo, na msimu wa karafuu gari hubeba watu na magunia pamoja.

Sasa namna ya kuitambua mipira hiyo. Wa nguvu una vichwa vya chuma vilivyobanwa kwa mashine juu ya mpira, na hufungwa kwa nati au bolti. Wa kurudi huvikwa tu juu ya bomba na kubanwa kwa klipu. Baadhi ya magari yana na mpira mfupi kutoka kichupani kwenda kwenye pampu. Huo nao ni wa upole, ila ukilegea huvuta hewa na pampu hulia.

Kabla ya kununua kitu, osha sehemu ile na uikaushe, kisha washa injini na mwenzako ageuze usukani huku wewe unatazama. Mafuta hutiririka, basi pale yanapodondokea si lazima ndipo yanapotokea. Fuata unyevu mpaka juu. Tumia kipande cha boksi kutafutia, wala usipitishe mkono. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kama la sindano yaweza kupenya ngozi, na jeraha hilo hata likionekana dogo ni la kwenda hospitali siku ile ile. Ukiona yanatoka kwenye pampu yenyewe au kwenye sanduku, basi ni sili iliyokufa, na mpira mpya hautakusaidia.

Mpira wa kurudi ukiwa ndio mbovu, nunua mpira wa mafuta wenye upana ule ule wa ndani. Mpira wa maji wa bustani au wa rejeta haufai, kwani mafuta huulainisha na kuuvimbisha. Mpira wa nguvu ukiwa ndio mbovu, nunua uliotengenezwa kwa gari lile, au uchukue wa zamani, vichwa vyake vikiwa vizima, umpelekee fundi mwenye mashine ya kubana mipira ya haidroliki ya matrekta. Hivyo ndivyo alivyofanya mwenyeji wetu wa Vudee: aliupeleka Moshi, akarudi nao kesho yake kwa basi, na tukaufunga chini ya mti uani kwake.

Kazi yenyewe haina uchawi. Injini iwe imepoa. Tia kabari magurudumu ya nyuma, inua mbele kwa jeki, kisha weka vigogo imara chini ya fremu. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Chomoa mpira wa kurudi, uyakinge mafuta katika debe. Nati za mpira wa nguvu aghlabu zimeshika kutu; zitie mafuta ya kulegeza usiku wake, na tumia spana inayoikumbatia nati vizuri, maana ikishaliwa pembe kazi ya saa moja huwa ya siku tatu. Pale penye bolti iliyotobolewa katikati, huwa na washa mbili za shaba au za alumini. Zitupe, utie mpya. Tumeona watu wakilaumu mpira mpya kumbe lawama ni ya washa ya zamani.

Mpira mpya upite njia ile ile ya wa zamani, na ushikwe na vishikio vile vile, usiguse ekzosi wala usisugue chuma. Anza kila nati kwa vidole mpaka uone imeingia sawa, ndipo ushike spana.

Juu ya mafuta: soma kitabu cha gari au kifuniko cha kichupa. Toyota nyingi za zamani hutumia mafuta mekundu ya giaboksi ya otomatiki, yaliyoandikwa ATF Dexron, lakini yako magari yenye mafuta yake maalumu. Mafuta ya breki hayatiwi humu kabisa. Huharibu sili zote.

Jaza kichupa, na huku magurudumu ya mbele yangali juu na injini imezimwa, geuza usukani pole pole kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule, mara 20 hivi, ukiongeza mafuta yanaposhuka. Hapa ndipo wengi hufanya haraka, wakawasha injini mara moja, na pampu ikazunguka kavu. Kisha washa, geuza tena taratibu, wala usiushikilie usukani mwisho wake. Mafuta yakionekana meupe yenye povu, ndani mna hewa. Zima, ngoja yatulie, urudie. Halafu tazama maungio yote kwa tochi, na utazame tena baada ya siku moja ya kazi.

Yamebaki mafuta ya zamani. Kule Vudee mwenyeji wetu hakukubali hata tone limwagike, kwani maji ya mlimani huteremka mpaka mashamba ya Bangalala, na wa chini atajua nani wa juu amechafua. Kwetu yafaa uangalifu huo huo, na zaidi ya hapo, karafuu hushika harufu. Usifanye kazi hii karibu na majamvi ya kuanikia, na osha mikono na sakafu ya gari kwa sabuni kabla ya kupakia magunia. Mafuta machafu yatiwe katika dumu lenye kifuniko apewe mwenye gereji.

Jeki kubwa ya chama na vigogo vinne vya mwembe vipo ofisini. Mwanachama huazima kwa kuandika jina katika daftari, na hurejesha katika siku mbili ili mwenzake apate.