Kinanda Kisichorudia Wimbo

Wajukuu zangu, sogeeni karibu. Wimbo mnaousikiliza leo kwenye simu ya mama, mkiurudia kesho utakuwa vilevile. Mwimbaji atavuta pumzi palepale, ngoma itaingia palepale, na hata mkiucheza mara mia hautaongeza neno wala kupunguza. Hiyo ndiyo kazi ya kurekodi, kuushika wimbo usitoroke. Mimi nataka kuwasimulia habari za fundi aliyeushika wimbo, akaufunga ndani ya mashine, halafu akaupa ruhusa ya kubadilika kila unapopigwa. Na hii si hadithi ya sungura na fisi. Ilitokea kweli.

Fundi huyo aliitwa Dietrich Nikolaus Winkel. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1777, akaishi na kufanya kazi Amsterdam, Uholanzi, akitengeneza vinanda vinavyojipiga vyenyewe. Msishangae. Redio haikuwapo, santuri haikuwapo, na Thomas Edison, aliyekuja kuunda mashine ya kunasa sauti mwaka 1877, alikuwa hata hajazaliwa. Lakini muziki ulikuwa umeshaanza kuhifadhiwa, na kilichouhifadhi ni pini.

Fundi alichukua pipa la mbao, refu na jembamba, akalipigilia pini nyingi kwa kufuata wimbo. Pipa likizunguka, kila pini inafikia zamu yake, inainua kijiti, kijiti kinafungua mlango mdogo wa hewa, hewa inapuliza filimbi, na sauti inatoka. Pini fupi ni sauti ya kukatika, pini ndefu ni sauti ya kuvutwa. Pipa likimaliza mzunguko, wimbo unaanza upya, uleule bila tofauti. Watu wa Ulaya walizipenda sana mashine hizi. Nadhani pia walizichoka, maana hata pilau ya kila siku hukinaisha.

Winkel alikuwa mtu wa kufikiri sana. Mwaka 1814 aliunda kifaa cha kupima mwendo wa muziki, kijiti chenye uzito kinachoyumba huku na huku na kugonga tik, tak, kwa kasi isiyobadilika. Wanafunzi wa muziki wanakitumia mpaka leo, kinaitwa metronomu. Mtu mmoja hodari wa biashara, Johann Maelzel, alikiona, akakiongezea kipimo cha namba, na kufikia mwaka 1816 akawa anakiuza kwa jina lake mwenyewe. Sifa zikaenda kwa Maelzel. Winkel aliumia, na hakika alikuwa na haki ya kuumia.

Lakini hakukaa akinung'unika tu. Mwaka 1821 alikamilisha mashine ambayo hakuna aliyekuwa nayo, akaiita Componium. Ndani yake aliweka mapipa mawili. Kila pipa lilibeba wimbo mmoja uliopigiliwa kwa namna kadhaa, namna moja kando ya nyingine: hapa umepambwa kwa sauti nyingi za haraka, pale umetulia, kwingine umepanda juu. Mapipa yalipokezana. La kwanza linapiga kipande kifupi, kisha linanyamaza, na la pili linadakia kipande kinachofuata. Pipa linaponyamaza halilali. Linasogea kando polepole ili zamu yake ikifika lipige namna nyingine.

Nani anaamua lisogee au libaki lilipo? Si Winkel. Aliweka gurudumu la kuzunguka kwa kasi, na mahali liliposimama ndipo palipotoa uamuzi, kama dadu kwenye ludo. Hata yeye aliyeiunda asingeweza kusema kipande kijacho kitakujaje.

Hapa nataka tutulie kidogo, kwa sababu wengi hulipita jambo hili haraka. Mtu anaweza kudhani muziki huu ulitungwa na bahati. Sivyo. Bahati ilichagua tu. Mfikirie Winkel alivyokaa na pini zake. Mwisho wa kila kipande ilibidi upatane na mwanzo wa kila namna ya kipande kinachofuata. Akikosea mahali pamoja, siku moja gurudumu litapaangukia hapo, na masikio ya watu yatakwaruzwa mbele ya wageni. Kwa hiyo ilimpasa kuzifikiria njia zote, hata zile ambazo yeye mwenyewe asingeishi kuzisikia.

Njia hizo ni ngapi? Chukueni penseli. Tuseme wimbo una vipande kumi tu, na kila kimoja kinaweza kupigwa kwa namna nane. Vipande viwili vinatoa nyimbo 8 mara 8, yaani 64. Vitatu vinatoa 512. Vinne vinatoa 4,096. Mkifika cha kumi mtapata 1,073,741,824. Kama kila wimbo ungechukua dakika moja, mngehitaji zaidi ya miaka 2,000 kuusikiliza kila mmoja, usiku na mchana, bila kula wala kulala. Na huo ni mfano wetu mdogo tu. Wimbo wa Winkel ulikuwa na vipande vingi zaidi ya hivyo.

Mashine ilipopelekwa Paris, watu waliitilia shaka, na walikuwa na sababu. Miaka hiyo Ulaya ilikuwa imetembezwa mashine nyingine, sanamu lililovishwa kilemba lililocheza sataranji na kuwashinda wakubwa. Ndani yake alijificha mchezaji, mtu wa nyama na damu! Na mmoja wa waliolimiliki sanamu hilo ni yuleyule Maelzel. Basi mwaka 1824 mwanafizikia Jean-Baptiste Biot na mtunzi wa muziki Charles-Simon Catel waliichunguza Componium. Hawakukuta mtu. Waliridhika kwamba kweli inachagua yenyewe.

Winkel alifariki mwaka 1826. Baadaye mashine iliharibika, na Jean-Eugène Robert-Houdin, aliyekuja kuwa mwanamazingaombwe mashuhuri wa Ufaransa, aliandika katika kumbukumbu zake jinsi alivyohangaika kuirudisha katika hali yake. Leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya ala za muziki, Brussels, Ubelgiji.

Wazo lenyewe halikuingia kabatini. Mwanamuziki wa Uingereza, Brian Eno, alipotengeneza albamu yake ya muziki wa viwanja vya ndege, iliyotoka mwaka 1978, alirekodi sauti za kuimba kwenye tepu, akaziunganisha tepu ncha kwa ncha zikawa vitanzi. Kimoja kilirudi kila baada ya sekunde 23 na nusu, kingine karibu 26, kingine karibu 30. Kwa kuwa urefu haukulingana, sauti zilikutana kila mara kwa mpangilio mpya. Tatizo ni kwamba santuri ilibeba dakika chache tu za makutano hayo, basi zikaganda. Mwaka 1996 Eno alitoa kazi nyingine kwenye disketi ya kompyuta. Safari hii hakuuza sauti iliyorekodiwa. Aliuza kanuni, na kompyuta ya msikilizaji ikaufanya muziki upya kila ilipowashwa.

Vitanzi vya Eno mnaweza kuvijaribu sasa hivi, hapa uani, bila umeme. Wewe piga kofi kila baada ya hesabu 3. Dada yako agonge sufuria kila baada ya 4. Huyu mdogo aseme "he!" kila baada ya 5. Anzeni pamoja, hesabuni taratibu, na kila mtu ashike namba yake bila kumfuata mwenzake. Mtaachana mara moja. Kofi litakutana na sufuria kwenye 12, "he!" itakutana na kofi kwenye 15, na sufuria kwenye 20. Wote watatu hamtagonga pamoja tena mpaka hesabu ya 60. Mkimwongeza rafiki wa kupiga mluzi kila baada ya 7, wote wanne mtakutana kwenye 420. Haya, nani anahesabu?