Uvimbe wa Tezi ya Pituitari: Je, Hukua?

Chini ya ubongo, nyuma ya pua, ipo tezi ya pituitari, ndogo kama punje ya mbaazi. Humo huweza kuota uvimbe usio saratani. Je, hukua? Ulio chini ya milimita 10 mara nyingi hubaki vilevile kwa miaka. Mkubwa zaidi ndio huelekea kukua, ukabana mishipa ya macho, na mgonjwa asione vya pembeni.

Mwanamke asiye na mimba anayekosa hedhi na kutoka maziwa bila kunyonyesha asijiite tasa wala aliyerogwa: damu yake ipimwe homoni ya prolaktini. Uvimbe wa aina hiyo mara nyingi husinyaa kwa vidonge, bila kisu.

Aliyeambiwa si saratani ashukuru, lakini arudi kupimwa. Nuru ya macho ikichelewa kuokolewa, huenda isirudi.