Kompyuta Inapokataa Kuanza Kazi: Kutafuta Hitilafu kwa Utaratibu

Miongoni mwa mambo yanayomfadhaisha mwalimu mgeni ni kubonyeza swichi ya kompyuta mbele ya darasa, kisha mashine isianze kazi. Aghalabu hufuata mojawapo ya mambo mawili: ama mashine hufunikwa kitambaa na kuitwa mbovu, ama huitwa mtu wa kuifuta diski yote ili aanze upya. Yote mawili ni pupa. Katika makala haya tumekusudia kuonyesha kwamba hitilafu ya namna hii hutafutwa kwa swali moja: je, mashine imefika wapi kabla ya kukwama?

Hatua nne

Kompyuta ya mezani hupita hatua nne hadi kuwa tayari, na kila hatua huitegemea iliyotangulia.

(a) Umeme. Kisanduku cha umeme kilichomo ndani ya mashine hupokea volti 230 kutoka ukutani na kuzipunguza kuwa volti 12, 5 na 3.3 zinazotumiwa na vipuri.

(b) Kujikagua. Programu ndogo iliyohifadhiwa katika ubao mkuu, iitwayo BIOS, au UEFI katika mashine za karibuni, hukagua prosesa, kumbukumbu na vifaa vingine vya lazima.

(c) Kutafuta diski. Programu hiyo hutafuta diski yenye mfumo endeshi.

(d) Kupakia mfumo endeshi, kama vile Windows au Linux.

Kuzisoma dalili

Ikiwa hakuna taa wala mlio wa feni, hitilafu huenda imo katika hatua (a). Soketi na ijaribiwe kwa kifaa kingine, hata chaja ya simu. Kisha ukaguliwe waya, na swichi ndogo iliyo nyuma ya kisanduku. Baadhi ya visanduku vya zamani vina kibadili volti. Hicho sharti kionyeshe 230, si 115. Kisanduku chenyewe kisifunguliwe kamwe, kwa kuwa huweza kubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa.

Ikiwa feni inazunguka lakini skrini ni nyeusi, tuitazame hatua (b). Kwanza tuhakikishe kwamba skrini yenyewe imewashwa na waya wake umekazwa. Tusikilize pia milio: kila mtengenezaji ana mpangilio wake wa milio, na maana yake hupatikana katika kitabu cha mashine. Sababu ya mara kwa mara ni kadi ya kumbukumbu iliyolegea au kushika vumbi. Waya wa umeme na uchomolewe, kitufe cha kuwashia kishikiliwe kwa sekunde chache, na mkono uguse chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli. Ndipo kadi itolewe, ifutwe kwa kitambaa laini kikavu, na kurudishwa mpaka vibano vyake vijifunge. Zikiwa kadi mbili, ijaribiwe moja moja.

Ikiwa skrini yasema kwamba hakuna diski ya kuanzia, tumefika hatua (c). Mara nyingi kosa ni flashi iliyosahauliwa katika mashine. Ikiwa sivyo, tuingie katika mipangilio tuone kama jina la diski limeorodheshwa. Lisipokuwepo, nyaya za diski zikaguliwe. Likiwepo, tutazame mipangilio ya kuanzia.

Ikiwa nembo yatokea kisha mashine yajizima na kujiwasha tena, shaka kubwa ni juu ya hatua (d). Vifaa vilivyoongezwa karibuni viondolewe, kisha tujaribu kuanza katika hali salama. Windows 10 na 11 zikishindwa kuanza mara kadhaa huleta zenyewe ukurasa wa matengenezo. Kabla ya kufuta chochote, mafaili na yanakiliwe kwa kuiwasha mashine kwa Linux iliyomo katika flashi.

Mfano mmoja

Tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi, tulimkuta mwalimu wa taaluma amekwisha kubali diski ifutwe. Ndani yake mlikuwamo alama za Darasa la Saba za mihula mitatu, nazo hazikuwa na nakala. Mashine ilidai kwamba hakuna diski. Mwanachuo mmoja akatuonyesha kwamba saa ya mashine ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Dalili hiyo ndogo ilitosha. Betri ya mviringo ya ubao mkuu, ya volti 3, ilikuwa imekwisha, na mashine ikarudia mipangilio ya kiwandani, ikawa inaitafuta diski kwa utaratibu usio wake. Tulibadili betri, tukarekebisha mipangilio, na alama zote zikaonekana. Diski haikuwa na ubaya wowote.

Kulifundisha darasani

Somo hili laweza kufundishwa hata pasipo kompyuta. Wanafunzi wanne wasimame kwa safu, kila mmoja akiwa hatua moja, wakipokezana kijiti. Mwalimu amnong'oneze mmoja wao asikipokee. Darasa liulize maswali, moja kwa zamu, mpaka litaje kijiti kilipokomea na sababu yake. Hapo watoto watajifunza kutazama kabla ya kuhukumu.

Hitimisho

Hapana budi mwanachuo akumbuke mambo matatu: abadili jambo moja tu kwa wakati mmoja na kuliandika, aanze na lisilo na gharama wala hasara, na lile lisiloweza kurudishwa, kama kufuta diski, aliache mwisho kabisa. Utaratibu huu wafaa pia kwa mtoto anayeshindwa hesabu: kabla ya kumwita mzito, na tutafute ni hatua gani aliyokwama.