Bangili ya jade: mizani kwanza, maabara baadaye

Wauza bangili za jade wana mtindo wao wa kumshawishi mteja. Huining'iniza bangili kwenye uzi, wakaigonga kwa kipande cha jiwe, nayo ikalia kwa sauti kali iliyo safi. Mlio huo una maana yake, lakini hautoshi kubeba bei kubwa. Glasi nzuri nayo hulia, na jade halisi yenye ufa mdogo hutoa sauti butu. Wafanyabiashara wetu wanaofuata mizigo Guangzhou wako karibu na mtaa wa jade wa Hualin na soko la bangili la Pingzhou, na wanastahili kipimo kinachozidi sikio.

Maswali ya kujiuliza ni mawili na hayafai kuchanganywa. Hili ni jiwe gani? Na je, limefanywa nini kabla ya kufika dukani?

Tuanze na la kwanza. Jade ni jina la mawe mawili tofauti. Mwaka 1863 Alexis Damour, mtaalamu wa madini wa Ufaransa, alionyesha kwamba jade ya Burma haikuwa sawa na ile ambayo mafundi wa China walikuwa wameichonga kwa maelfu ya miaka. Ile ya kale ni nefraiti, na inayosifika zaidi ni ya Hetian, Xinjiang. Ya Burma, ambayo leo ni Myanmar, ni jadeiti, na ndiyo yenye bei za juu kabisa. Zote mbili ni jade kwa haki. Kisha yapo mawe yanayouzwa kwa jina lisilo lao, kama kwatsi iliyotiwa rangi ya kijani, sepentini, glasi, na hata ganeti ya kijani kutoka Afrika Kusini ambayo wafanyabiashara huiita "jade ya Transvaal".

Hapa ndipo mizani ya kidijitali inapofaa, ile inayosoma mpaka sehemu ya kumi ya gramu. Pima bangili ikiwa kavu. Tuseme ni gramu 50. Weka bakuli la maji juu ya mizani, kisha irudishe kwenye sifuri. Ifunge bangili kwa uzi mwembamba na uizamishe yote ukiwa umeshika uzi mkononi, isiguse chini wala ukingo wa bakuli, na usiache viputo vimeng'ang'ania jiwe. Mizani itasoma namba ingawa bangili inaning'inia, na namba hiyo ni uzito wa maji yaliyopisha jiwe. Gawa 50 kwa namba hiyo. Ikiwa ni 15, unapata 3.33, na hiyo ni densiti ya jadeiti. Ikiwa ni 17, unapata 2.94, yaani nefraiti. Ikiwa ni 19, jibu ni 2.63, na hapo umeshika kwatsi hata muuzaji akila kiapo. Ile ganeti ya Transvaal hukaribia 3.47. Glasi ni mkorofi kidogo kwa sababu huweza kutengenezwa kwa densiti nyingi, kwa hiyo itazame kwa lenzi ya kukuza mara 10. Viputo vya mviringo na mikondo iliyojizungusha ndani ni dalili zake, wakati jade huonyesha chembe au nyuzi zilizosukana.

Kisu na kiberiti viache. Kisu hakiikwaruzi jadeiti, lakini hata kwatsi hakiikwaruzi, na moto huharibu mali ya mtu.

Swali la pili ndilo linaloumiza watu, kwa sababu jiwe ni jadeiti kweli, mizani imekubali, na bado mnunuzi amepunjwa. Tangu miaka ya 1980 jadeiti yenye madoa ya kahawia imekuwa ikilowekwa katika asidi kali. Madoa hutoka, jiwe likabaki na vitundu vidogo vidogo, dhaifu. Kisha hujazwa polima, plastiki inayoingia ikiwa majimaji na kugandia ndani, na bangili hutoka iking'aa. Hiyo sokoni ni daraja B. Iliyotiwa rangi ni C, na iliyofanyiwa yote mawili ni B+C. Daraja A ni ile iliyokatwa, ikang'arishwa na kupakwa nta tu. Wengi hudhani A maana yake ni nzuri. La hasha! A inaeleza kwamba jiwe halikuchakachuliwa, na ziko bangili za A zilizofifia, zenye nyufa, zisizo na thamani kubwa. Lakini B nisingeinunua kwa bei ya A hata ikipendeza vipi, maana polima huzeeka, hugeuka njano na kukatikakatika.

Kwa lenzi, rangi ya C mara nyingi huonekana imejikusanya mipakani mwa chembe, na uso wa B huwa na mtandao wa mifereji midogo iliyoachwa na asidi. Hata hivyo B ya fundi hodari hukwepa macho. Jibu la uhakika hutoka maabara, ambako mionzi ya infraredi hufichua polima bila kuidhuru bangili. Muuzaji akikataa jiwe la bei kubwa lisipelekwe huko, funga pochi yako. Akikupa cheti, kisome. China jina la jade huenea kwa mawe mengi, na cheti halali kabisa kinaweza kuwa cha jade ya kwatsi. Angalia kama kimetaja kwamba jiwe limetibiwa, kisha linganisha uzito, vipimo na picha na bangili uliyoshika.

Likishathibitishwa, ndipo tupime ubora. Bangili huchongwa kutoka bamba moja zima la jiwe, nalo lisiwe na ufa, ndiyo maana mwaka 1999 bangili moja ya jadeiti ilifika zaidi ya dola milioni 2.5 kwenye mnada wa Christie's, Hong Kong. Pesa za aina hiyo ndizo zinazowavuta maskini kuchakura vifusi vya migodi ya Hpakant, jimbo la Kachin, ambako maporomoko ya Julai 2020 yaliua watu zaidi ya 170. Hakuna cheti kinachoandika habari hiyo, na mimi naona mnunuzi anapaswa kuijua.

Imulike bangili kwa tochi ukiizungusha polepole. Ufa hukata nuru ghafla. Pitisha ukucha hapo. Ukikwama, ufa umefika usoni, na ukiwa umekatisha upana wa bangili, hiyo itavunjika siku ikigonga meza. Ukipita laini, huenda ni mshipa wa asili uliokwisha kuziba. Baada ya nyufa, tazama nuru inavyopenya na jinsi chembe zilivyo ndogo, kisha rangi, ambayo huhukumiwa kwa mwanga wa mchana, nje ya taa za manjano za duka. Mwisho pima kipenyo cha ndani, kwa kawaida milimita 52 hadi 60, kwa sababu jiwe halipanuliwi.