Miligramu Moja ndani ya Gunia

Gunia la mahindi la kilo 100 likiwa na miligramu moja ya aflatoksini limeshafika ukomo, kwa sababu kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Miligramu moja ni sawa na chembe chache za chumvi. Moto wa kusonga ugali hauimalizi sumukuvu hiyo, na mkazi wa Mwembesongo, Morogoro, anayepeleka mahindi yake mashineni hawezi kuiona kwa macho. Ndiyo maana tunamhitaji mkemia. Lakini kazi yake huanza mbali na maabara, pale penye gunia lenyewe, kwani sumu haikuenea sawasawa: punje moja yaweza kubeba nyingi huku jirani zake wakiwa safi. Kiganja cha punje za juu juu hakisemi lolote. Bambo la kuchotea nafaka lazima litumbukizwe mahali pengi, punje zisagwe pamoja, zichanganywe, ndipo sumu ikamuliwe, isafishwe na kumulikwa kwa miali ya urujuanimno mpaka ing'ae. Mashine ya gharama kubwa ikilishwa sampuli mbovu hutoa jibu bovu, tena lenye desimali nzuri.

Hata jibu sahihi linaeleza tu kilichomo kwenye unga, halielezi kilichompata mlaji. Hapo ndipo naona ubora wa kazi ya Martin Kimanya, mtafiti aliyepitia mamlaka ya chakula na dawa kabla ya kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Utafiti alioandika na wenzake mwaka 2010 kuhusu watoto wachanga 215 wa Rombo haukuishia kwenye unga. Walikadiria kiasi cha fumonisini, sumukuvu nyingine ya mahindi, ambacho kila mtoto alikipata kwenye uji wake, kisha wakakilinganisha na uzito wa mwili wake. Waliozidi kikomo cha mikrogramu 2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, walipotimiza mwaka mmoja, walikuwa wafupi kwa sentimita 1.3 na wepesi kwa gramu 328 kuliko wenzao.

Atatokea wa kuuliza kama huo si umaskini tu, maana nyumba yenye mahindi mabovu mara nyingi ndiyo isiyo na maziwa wala mayai. Swali hilo ni zito na halijibiwi kwa kupima unga zaidi. Lilihitaji kupima mwili. Mwaka 2015 Candida Shirima, Kimanya na wenzao walitoa matokeo ya watoto 166 wa Kilimanjaro, Iringa na Tabora: fumonisini ilitafutwa kwenye mkojo, alama za aflatoksini kwenye damu. Fumonisini iliambatana tena na udumavu; uhusiano wa aflatoksini haukuwa na nguvu ya kitakwimu. Watafiti hawakulificha hilo la pili, nami nalithamini, kwani kama umaskini peke yake ungekuwa ndio sababu, tungetegemea sumu zote mbili zifuatane na udumavu kwa namna moja.

Wengine husema wazee wetu walikula mahindi hayo hayo wakaishi. Lakini mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa aflatoksini na 20 wakafariki. Hao ndio walioonekana. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka haanguki sokoni. Ini lake ndilo linalolipa, hasa akiwa na virusi vya homa ya ini B. Kuna pia hoja ya kula sembe badala ya dona, na kweli kukoboa huondoa sehemu kubwa ya sumu, pamoja na virutubisho. Ila sumu hiyo imehamia tu kwenye pumba. Pumba huliwa na ng'ombe, na sehemu ya aflatoksini hutokea kwenye maziwa ikiwa imebadilika umbo, ikiitwa M1, na kumsubiri mkemia aitafute upya.