Hazina ya Mji na Moshi wa Kiwanda

Chukua kiwanda cha China kinachotoa tani 95 za salfa dayoksaidi kwa mwaka. Kwa sheria ya kodi ya mazingira iliyoanza kutumika Januari 1, 2018, moshi huo ni sawa na vizio 100,000 vya kutozwa kodi. Kikiwa mkoani Gansu, ambako bei ya kizio ilianzia yuani 1.2, kitalipa 120,000. Kikiwa Beijing, palipopangwa yuani 12, kitalipa 1,200,000. Sheria inatoa pia nafuu: ukali wa moshi ukishuka chini ya nusu ya kiwango kinachoruhusiwa, bei ya kizio nayo hukatwa nusu. Kwa hiyo kiwanda cha Beijing kilichokuwa ukingoni mwa kiwango hicho kikipunguza moshi wake kwa nusu au zaidi kidogo, kitalipia vizio nusu kwa nusu bei, na kitaokoa takriban yuani 900,000 kila mwaka, fedha za kutosha kumshawishi mwenye kiwanda kuajiri wahandisi. Mwenzake wa Gansu ataokoa 90,000 tu. Huyo ana kila sababu ya kulipa na kuendelea kama zamani.

Bei hizo hupangwa na mikoa yenyewe, na hapo ndipo hali ya hazina inapoamua mambo. Mageuzi ya mwaka 1994 yaliipa serikali kuu asilimia 75 ya kodi ya ongezeko la thamani, huku shule, hospitali na barabara zikibaki mzigo wa serikali za mitaa. Mgao ulifanywa nusu kwa nusu mwaka 2016, lakini kwa miaka mingi pengo lilizibwa kwa kuuza haki za kutumia ardhi na kwa kukopa. Wilaya iliyobanwa hivyo, ambayo mlipakodi wake mkubwa ni kiwanda cha chuma, itathubutu vipi kukibana?

Kinyume chake, mji wenye uwezo huwa mteja wa teknolojia safi, hata mbia. Kufikia mwisho wa 2017 Shenzhen, kwa msaada wa ruzuku, ilikuwa imebadili mabasi yake yote, zaidi ya 16,000, yakawa ya umeme. BYD, kampuni ya hapohapo inayounda mabasi hayo, ikapata soko mlangoni. Mwaka 2020 Hefei na washirika wake waliweka yuani bilioni 7 katika NIO, kampuni ya magari ya umeme iliyokuwa taabani.

Ndiyo maana naupa uzito mpango wa yuani trilioni 10 uliotangazwa Novemba 2024 kupunguza mzigo wa madeni yaliyofichika ya serikali za mitaa. Wengi waliuona kama habari ya mabenki. Mimi nauona pia kama sera ya mazingira, mradi nafuu hiyo iwape maofisa wa mikoa ujasiri wa kupandisha bei ya moshi.